Anaweza, Anafanya

Mara ya kwanza, Sista Lungwa, uliniuliza
kama Ndahani anakula kwa kijiko.
Nyumbani kijiko ni kimoja, cha kupimia chumvi.
Nikakaa kimya, ukadhani sijasikia,
ukarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Andika hivi:
tonge la uwele analimega kwa mkono wa kushoto,
analifinyanga juu ya goti, maana wa kulia bado umejikunja
kama jani la mlenda lililoanikwa,
kidole gumba kinatafuta pa kubonyeza,
kinapapata, kinapapoteza.
Mlenda unamchuruzika hadi kwenye kiwiko.
Kuku wanamjua. Hukaa upande wake wa kushoto.

Karatasi yako iliuliza ngazi.
Tembe yetu haina ngazi, ina kizingiti,
na kizingiti alikivuka mwezi wa nne,
ameshika ukuta, udongo ukabaki kwenye kucha.
Sikuona mguu gani ulitangulia.
Mbuzi alikuwa anazaa uani na mimi nina mikono miwili tu.
Aliyeona ni mdogo wake, Sechelela,
ambaye hesabu zake zinaishia nne.
Anasema kaka alivuka mara nne.

Ukamwaga vibao vya rangi mezani,
saa yako ikaanza kukimbia.
Aliangusha vitatu. Ukaandika tatu.
Lakini msimu wa zabibu, Hombolo, kwa mjomba wake,
alikuwa akichambua zilizooza,
akizigusa mojamoja kama anayeziuliza habari za nyumbani,
na hakupasua hata moja.
Hapakuwa na saa. Huenda sababu ni hiyo, huenda siyo,
mimi si mtaalamu.

Kisha tukafika kwenye vifungo.
Alifunga vyote vitano mbele yako,
dakika tisa, ulimi nje, jasho puani.
Ukanigeukia, ukauliza polepole kuliko maswali yote:
"Anaweza. Na nyumbani, anafanya?"

Sikujua kwamba kati ya maneno hayo mawili
kuna korongo kama letu la Ibihwa,
mchanga mtupu juu,
na ukichimba, maji.

Maana nyumbani namvalisha mimi.
Kisimani foleni huanza kabla ya jua,
shule ina kengele, baba yake ana njaa,
na kwangu vifungo vitano ni pumzi tatu.
Tangu malaria ilipompanda kichwani, miaka miwili,
nimekuwa mkono wake wa kulia:
mwepesi, hauchoki, haumpi nafasi.
Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Labda ndiyo.
Ukaandika kitu pale, kirefu, sikukisoma.
Nilijua kinanihusu.

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita.

Leo alfajiri niliikalia mikono yangu.
Kweli kabisa, niliikalia, kama kuku aatamiavyo.
Ndoo mlangoni. Wenzangu wakaita, wakapita,
nikasikia vicheko vyao vikiishia njiani.
Alianzia kifungo cha chini, akakosea tundu,
shati likapanda upande mmoja hadi shingoni.
Akanitazama.
Nikatazama paa.
Kuna mahali panahitaji udongo mpya, kona ya mashariki,
nilipahesabu nyufa zote.
Akafungua. Akaanza tena. Akakosea lile lile.
Damu ilirudi vidoleni mwangu ikinichomachoma,
nikasema moyoni, kumbe ndivyo anavyosikia.

Maji leo sikupata.
Uji tumeukopa kwa mama Chedego.

Yule pale kwenye benchi, anachezea kamba ya kiatu.
Shati limepinda, kifungo cha juu hakina tundu,
tundu la chini halina kifungo.
Tafadhali, Sista, usimnyooshee.
Kwanza lihesabu.