Karaki, Al Khoudh

Wiki ya sita, Thuwaini,
na bado tunaketi garini,
kiyoyozi kikivuma, chai ya karaki
ikituunguza vidole kupitia karatasi.

Shangazi ananihimiza: ukumbi wa Seeb
umeshakodiwa hadi Shaabani, mnangoja nini?
Nami ndiyo kwanza leo nimekwambia
kwa nini silali mlango ukifungwa.

Hukuniuliza nani aliyeufunga.
Ulishusha kioo kidogo,
joto likaingia, na harufu ya mkate wa rakhali.

Kisha wewe nawe, baada ya kimya kirefu,
ukanitajia jina
la mtoto mliyemzika.

Basi mkono wangu huu hapa, kando ya gia.
Usiushike.
Uache ukae
mpaka usahau kwamba unangoja.