Majani Tu

Karatasi ya makumbusho ina kijiti kimoja kikavu,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
na wino umefifia: Jabal Samhan.
Haujaonekana tena.

Siku tisa tunapanda na kushuka ukungu wa kharifu,
miwani inatoka jasho, magoti matope.
Nasra kaniuliza mara mbili
kama mmea hufa kwa kukosa wa kuutafuta.

Ndipo Tuful, mwenye mbuzi, akatumiminia maziwa.
Nikakunja uso.
"Machungu," akacheka.
"Wamekula lile la gengeni.
Kila mwaka ukungu ukishuka hukimbilia huko."

Lile lipi?

Akanyoosha fimbo.

Mashina kumi na moja katika ufa wa jiwe,
maua kama vichwa vya kibiriti, ya manjano,
pale tu meno ya mbuzi yasipofika.

Fomu inataka kielelezo: mzizi, shina, ua.
Mkasi ninao mfukoni.
Mama yangu, mzaliwa wa Wete,
angepita bila kugeuka: majani tu hayo.

Nikahesabu upya. Kumi na moja.
Penye kielelezo nikaandika:
uchungu, ulimini,
tangu saa nne asubuhi.
Haujatoka.