Jino la Rangi ya Chai

Kila Jumanne lori la Anaeli hupanda kutoka pwani
limeinamia upande mmoja,
na kumwaga mbele ya kinu chetu hapa Maji ya Chai
mawe meupe ya chokaa, ya chakula cha kuku.
Kuku wa Arusha hutaga kwa chokaa ya bahari.
Hakuna anayeliwaza hilo akipasua yai.

Kazi yangu ni kusimama kabla ya taya.
Mashine ina taya mbili za chuma: moja imetulia,
nyingine inatafuna tangu saa moja asubuhi.
Mimi natoa kisichotafunika:
misumari, mizizi, kandambili ya mtoto,
siku moja kijiko, kimechongwa jina la mtu.

Mwalimu Nasinyari, anayemfundisha mwanangu sayansi,
alikuja kuomba vipande vya kuonyesha darasani.
Akageuza jiwe, akalipuliza vumbi.
"Hii ni sakafu ya bahari," alisema.
"Humu aliogelea papa mrefu kama lori na tela lake.
Lakini usitafute mifupa. Papa hana mfupa,
ana gegedu, kama la sikio lako, na gegedu huoza.
Kinachobaki ni kile kilichouma."

Tangu siku hiyo nawinda.
Sina mkuki, sina mtego.
Nina sekunde nne,
zile ambazo jiwe huteremka kutoka koleo la Nderingo hadi tayani.
Nimekosa mengi. Nimesikia mlio, kah,
mkavu kuliko wa jiwe,
nikajua limekwenda, limekuwa unga,
mwezi ujao litakuwa ganda la yai sokoni Tengeru.

"Papa, huku Meru?" Nderingo hunitania.
"Alipanda basi la usiku?"
Nami hucheka, kiganja mdomoni,
kama tunavyocheka wote tuliokunywa mto huu.

Mjini wanatujua kwa kinywa.
Uliza bei ya vitunguu Kilombero:
"Wewe wa Maji ya Chai," atakwambia,
hata hujataja kwenu.
Floraidi, alisema daktari. Ilituingia
meno yakiwa bado yamelala ndani ya fizi.
Picha ya kipaimara, nimefumba mdomo.
Picha ya harusi, nimefumba mdomo.

Alhamisi ile umeme ukakatika.
Taya ikasimama wazi,
na katikati yake, limebanwa kwa ncha tu,
jambo lenye pembe tatu.
Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.
"Toa mkono! Umeme ukirudi je? We mama, toa mkono!"
Sikuutoa. Nililitikisa kama mtu anavyotikisa
jino la mwanawe lililolegea,
taratibu, nikilibembeleza.

Likatoka.
Zito, lajaza kiganja na kuzidi.
Kingo zake msumeno mwembamba, zinakwaruza kidole.
Mzizi wa kijivu, kama jivu lililonyeshewa.
Na uso wake wote, kutoka mzizi hadi ncha,
kahawia. Chai ya rangi. Yangu.

Jumamosi Mwalimu ataniambia
kwamba kahawia yake ni ya matope na miaka,
lakini hata papa, akiwa hai, jino lake lilijengwa kwa floraidi,
ndiyo iliyolifanya gumu likangoja.
"Kwake ilitosha," atasema, akinitazama bila aibu,
"kwako ilizidi."
Nami nitalirudisha kwenye kopo la majani ya chai
nililolitandika pamba.

Lakini hayo ni ya Jumamosi.
Alhamisi nilikuwa nimesimama gizani mwa kinu,
Nderingo ameangusha koleo, anasema tuone, tuone,
nami nikamwonyesha,
nimelishika kwa mikono yote miwili
lisije likaanguka,
na nilikuwa nacheka.