Fataha Ikishuka

Alhamisi alasiri, chuoni kwangu Mkomani,
Shumi wa Bwanaheri, mwenye pengo la meno mbele,
alisoma ubao kwa sauti ya mnada:
"Mfupi uliomshinda fisi!"
Wenzake wakacheka hadi mikeka ikahama.

Mimi niliandika mfupa.
Au nilidhani. Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye plasta,
nikashika chaki kwa kushoto,
na kile kijistari cha fataha, badala ya kukaa juu ya herufi,
kikateleza chini.
Kijistari ni kilekile, urefu uleule, ulalo uleule.
Juu, mfupa.
Chini, mfupi.
Na huko chini jina lake kasra,
na mwenye Kiarabu chake anajua: kasra ni kuvunja.

Nilivunjika nikigeuza godoro.
Watu wakiuliza nasema nilisukumwa na punda,
maana hapa kwetu punda huaminika.

Daktari alinisimamisha ukutani, akanipima:
nimepungua vidole viwili.
Kumbe ndiyo maana buibui langu lafagia njia.

Mwaka wa tisa sasa tangu hedhi ikome.
Niliifurahia kimya kimya:
Ramadhani nzima, bila siku ya kulipa!
Hakuna aliyeniambia
ilipotoka ilitoka na nani.

Ijumaa akaja Twaiba, binti wa kaka yangu, wa maabara huko Mombasa,
akavua viatu, akakaa kitandani pangu.
"Ndani ya mfupa, shangazi, mna mafundi wawili,
mmoja abomoa, mmoja ajenga.
Homoni ndiyo iliyokuwa nyapara.
Nyapara kaondoka,
na mbomoaji hana wa kumwambia basi."
Kisha akapunguza sauti, kama anayetoa siri ya ukoo:
"Kuna na jingine, bado twalichunguza.
Jeni zako ni zilezile za kuzaliwa, haikupotea herufi.
Lakini juu yake hubandikwa vijialama vya kemikali,
na umri ukienda, alama huhama.
Jeni ya kujenga yaweza kuwepo, nzima,
na isi... isi..."
Alikuwa akitafuta neno.
"Sukuni," nikamwambia.
Herufi ipo. Imevishwa kiduara kichwani. Imenyamaza.
Akatoa kalamu, akaliandika kiganjani.

Usiku sikulala. Nilitazama ukuta.
Pale chokaa ilipobanduka, tumbawe liko wazi, vitundu vitundu,
kama ile picha ya mfupa aliyonionyesha kwenye simu.
Mama yangu alifia chumba hiki.
Nilimjua akiwa alifu,
tukamzika akiwa dali.
Tukasema uzee, tukamaliza matanga.
Ukuta ulipopasuka tulimwita Fundi Abudi siku ileile.

Asubuhi nikamuuliza Twaiba: alama iliyohama, hurudi?
"Nyingine, labda. Tembea. Ota jua. Kula dagaa na mifupa yake.
Kidonge, kila Jumapili.
Yaliyobaki hatujui."
Nimeishi na watu wanaojua kila kitu.
Lile "hatujui" lake lilinikaa vizuri kifuani.

Sasa kila alfajiri nazunguka hadi Langoni na kurudi,
buibui nimelipandisha kwa pini,
na wanawake wenzangu wanauliza namkimbia nani.
Zena alicheka sana. Juzi akanifuata.
Jana walikuwa watano, na mmoja wao
alinionyesha mgongo wake penye kona, ananong'ona.

Lakini ile Alhamisi, kabla ya yote haya,
Shumi alikuja mbele na kitambaa kibichi.
"Nifute, mwalimu?"
Herufi usiziguse, nikamwambia.
Futa kile kijistari tu.
Akakifuta kwa ncha ya kidole, ulimi ukichungulia kwenye pengo.
"Nikiweke wapi?"

Nikainua mkono wa kushoto,
hadi ulipofika.