Viberiti Vitatu

Nililinunua Mwanga, kwenye rundo la Sadoki,
koti la rangi ya ndizi iliyoanza kuiva,
zipu mpaka kidevuni, kofia yenye kamba,
elfu kumi na nane baada ya kuvutana.
"Haliingizi hata tone," aliapa Sadoki,
akalimwagia chupa nzima ya maji ya kunywa
mbele ya wateja, na maji yakateleza
kama mdaiwa aliyemwona mdai wake.

Lakini maji ya chupa hayana hasira.
Maji ya chupa hayajawahi kupanda mlima.

Nyumbani Kalinzi nikasimama uani,
Yowaza binti yangu juu ya kigoda, kata mkononi.
"Tena, baba?" "Tena. Hapa begani."
Akamwaga mpaka ndoo ikaisha,
na mama yake akatoka jikoni kuuliza
nani atakwenda kuteka nyingine.
Nikaenda mimi, koti mwilini,
jua linawaka, kijiji kizima kinanitazama.

Jumanne tukatoka, mimi na Ntahondi,
kuikagua njia ya Mwamgongo kabla wageni hawajafika.
Nikatia kiberiti kimoja mfuko wa kifuani,
kimoja wa kiunoni, kimoja wa ndani, ubavuni,
kama hakimu anayetenganisha mashahidi
wasije wakapatana maneno.
Ntahondi alivaa mfuko wa mbolea,
matundu matatu, kichwa na mikono,
KILO HAMSINI imemkaa tumboni.

Mvua ilitukuta tulipoupita mbuni wa mwisho.
Haikutanguliza manyunyu, haikubisha hodi.
Ilikuja na kishindo cha mabati
mahali pasipokuwa na bati hata moja:
ilikuwa kofia yangu, inapigwa.
Sikumsikia tena Ntahondi. Niliuona mdomo wake tu
ukifunguka, ukijaa maji, ukicheka.

Saa ya kwanza, mkavu. Nikajiona bwana.
Saa ya pili, kwenye mteremko wa utelezi
ambapo unashika mizizi kama mkono wa mtu,
kitu cha baridi kikaingia kwa mshono wa bega,
polepole, kwa adabu, kama mgeni avuaye viatu.
Saa ya tatu mgongo wote ulikuwa chapachapa
nami sikujua kama ni mbingu au ni mimi.

Tukajibanza chini ya mwamba uliochomoza.
Ziwa lilikuwa huko chini, mahali fulani, ndani ya maziwa.
Nikawaita mashahidi.

Wa kiunoni alitoka uji,
njiti zimeviacha vichwa vyao mfukoni.
Wa ubavuni, niliyemwekea imani yote,
alikwaruza, akakwaruza, akafuka, akanyamaza.
Nikamnusa. Hakunukia mvua.
Alinukia mimi, jasho langu lililokosa mlango.
Koti lililoikataza mvua kuingia
lilinikataza na mimi kutoka.

Wa kifuani akawaka kwa pigo la kwanza!
Tukamtazama wote wawili, kaulimi kadogo ka njano,
mpaka akaniunguza kidole,
maana hakuna aliyekuwa amefikiria kuni.

Ndipo Ntahondi, aliyelowa mpaka kwenye uboho,
akavua kofia yake ya sufu, akaikamua,
akafungua fundo la nailoni lililokuwa utosini:
kiberiti, tumbaku, kipande cha gazeti,
vikavu kama Agosti.
Hakusema neno. Alisokota ya kwake,
akasokota na yangu.

Usiku nimeandika kwenye daftari la safari:
bega la kushoto, mshono, upakwe nta ya mshumaa.
Zipu nzuri. Kwapani pafunguliwe, papumue.
Mteremko wa pili, Januari, tusipitishe watu.
Halafu nikakwama, kwa sababu Yowaza aliniuliza
kama koti limefaulu au limefeli,
na sikuwa na alama ya kumpa.

Sasa linaning'inia kwenye msumari,
limegeuzwa nje ndani, linatona.
Ameweka kikombe chini yake.
Anahesabu.