Gololi

Januari ilitoka amri: wanawake wa maofisini wafunike nywele.
Tida alijifunga leso kama mtu anayefunga jeraha,
akaenda posta, akarudi, akaitundika msumarini.
Siku chache tu, amri ikafutwa.
Leso ikabaki pale pale,
ikila vumbi la Farafenni.

Machi, Yankuba aliuza baiskeli
aliyoiunda kwa vipande vya baiskeli nne.
Nilimfundisha mimi kunyoosha spoku,
sikumfundisha njia ya nyuma,
hiyo wanafundishana wenyewe.
Alipiga simu kutoka Agadez:
Baba, huku mchanga unaingia mpaka kwenye meno.
Halafu Sabha. Halafu
namba hii haipatikani.

Aprili, kule Serekunda, watu waliandamana
wakachukuliwa. Kuna aliyechukuliwa hakurudi.
Sisi tulipunguza redio
ikabaki kama nzi ndani ya chupa,
na mteja akiuliza habari, nilimjibu habari za tairi.

Mvua zikaja. Karanga zikang'olewa.
Sina la kusema juu ya miezi ile,
niliziba pancha.

Desemba mosi simu zote zilikufa.
Nikaenda kupiga kura na baiskeli, askari akanizuia mbali,
kijana ninayemtilia upepo tangu yuko darasa la pili:
Baba Dembo, baiskeli ibaki hapa.
Kengele yako inalia kama kura.

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Jabou muuza samaki, nyuma yangu kwenye foleni,
akasema, Na mimi je, wataniacha nje kwa harufu ya bonga?
Hapo askari akacheka, akageuza uso
ili mkubwa wake asimwone.

Ndani, mapipa matatu:
kijani, kijivu, zambarau,
kila pipa na bomba lake dogo kama shingo ya kuku.
Wakanipa gololi moja.
Gololi! Ya kioo, kama zile za Yankuba
zilizomo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda.
Niliifumbata mpaka ikapata joto la mkono.
Mtu wa miaka hamsini na minne, nimepewa nchi nicheze.

Ting.

Mara moja tu. Chini ya pipa wamemwaga unga wa mbao,
gololi isije ikagonga mara ya pili
mtu akadhaniwa amepiga kura mbili.
Aliye nje anasikia kwamba umechagua,
hasikii umechagua nini:
mapipa yote yana koo moja.

Walizihesabu kwenye trei zenye vitundu, kama mayai.
Kesho yake redio ikasema, na aliyeshindwa mwenyewe
akasema nimeshindwa.
Nilipanda baiskeli, nikazunguka soko lote
nikiipiga kengele mpaka springi ikakatika.
Jabou alimwaga ndoo nzima ya barafu barabarani,
watoto wakateleza juu yake wakipiga kelele.

Siku saba tukalala usingizi wa watu walioshiba.

Ya nane, tukiwa tumekaa na birika la ataya,
yule yule akatokea kwenye televisheni:
sikubali.
Tida akaendelea kumimina chai
na kikombe kilikuwa kimeshajaa.

Sasa mwaka unaisha. Kazi ninayo, tena nyingi.
Wote wanataka kitu kimoja: kerieri,
ngumu, ya kubeba godoro
mpaka ng'ambo ya mpaka, Senegali.
Hakuna anayeuliza bei ya kengele.

Jana usiku nililivuta lile kopo.
Nikachagua gololi yenye utepe wa bluu,
nikaiangusha ndani ya ndoo tupu ya rangi,
ndoo isiyo na unga wa mbao.
Ikalia, ikaruka, ikalia, ikaruka, ikalia.

Tida akainuka gizani:
Nani huyo mlangoni
na baiskeli?