Upande wa Nje

Fundi Mwachiti hakunisalimia mimi kwanza.
Alilisalimia gari: aliinama,
akapitisha kidole gumba kwenye mfereji wa tairi
kama mtu anayepima unga uliobaki debeni,
akasema, "Mama Fakhri, hili lina kipara."

Nilijua. Nilijua tangu Ramadhani,
lilipoteleza pale kiplefti ya Makupa
kwa mvua ya dakika tano, mvua ya kulowesha vumbi tu,
likanipeleka lilikotaka lenyewe,
na mwenye mkokoteni wa maji akanitazama
akidhani ni kiburi changu.

Akanisomea ubavu. Miye miaka yote
nilidhani zile tarakimu ni mapambo.
"Ishirini na tatu, kumi na saba.
Wiki ya ishirini na tatu, mwaka wa kumi na saba.
Tairi huzaliwa na cheti chake mwilini."

Nikahesabu. Wakati ule Twahir ana makarani sita,
kontena zatoka bandarini usiku na mchana,
na gari hili likaja melini, jeusi, lanukia ngozi;
nusu ya Tudor ilitoka roshanini
kulitazama likiingia getini kinyumenyume.
Sasa mizigo yapanda reli, yatupita juu kwa juu.
Makarani wamebaki majina kwenye kibao.
Gari limebaki gari.
Halijui kupungua.

Akaviringisha la kwanza, lenye jina
ambalo hata mtoto wa chekechea analijua.
Bei yake niliisikia gotini.
"Moja, au yote manne?"
Akacheka kwa adabu, ambako ni kubaya zaidi.

"Basi mawili. Ya mbele, yanayoonekana."
Akatikisa kichwa.
"Hili hutembea kwa miguu yote minne, mama.
Ulivishe viatu viwili vipya na viwili vikuukuu,
giaboksi itaanza ugomvi wa wake wenza,
na ugomvi huo watu huuzia shamba."

Nyuma ya duka, mitumba ya Ujapani
imepangwa minara minara, meno bado marefu.
Nikalikwangua moja kwa ukucha:
nyufa nyembamba, kama kisigino wakati wa kaskazi.
Kuna mtoto hukaa kiti cha nyuma.
Sikuuliza bei.

Yakabaki yale ya pembeni, kwenye karatasi zake,
jina sijapata kulisikia, refu, lina eksi mbili
kama dawa ya kikohozi.
"Yanashika majini?"
"Yanashika."
"Na lami ya Mariakani, saa nane mchana?"
"Usiyanyime upepo, usiyavimbishe. Yatakustahi."
"Kelele?"
Akafikiri. Nilimwamini kwa kule kufikiri.
"Yatanguruma kidogo. Ukiwasha redio, utasahau."

Nikatoa zamu yangu ya mchezo, yote,
ile niliyokuwa nimeiahidi mapazia.

Alipoanza kufungua nati nikamsogelea,
nikamnong'oneza, maana wifi yangu Rukia
yuasoma kila kitu, hata risiti za wenzake:
"Yafunge jina lielekee ndani."

Hakucheka safari hii. Akanionyesha neno
lililochapwa ubavuni, herufi ndogo, gumu kama amri.
"Hili lina upande wake wa nje.
Meno ya ndani hufukuza maji, ya nje hushika kona.
Ukiligeuza, siku ya mvua litasahau kazi yake."

Nikatoka Shimanzi saa kumi
na majina manne yakizunguka nje, hadharani,
na kwa kuzunguka kwake hayasomeki.
Sikuwa nimelifikiria hilo.
Husomeka gari likisimama tu.

Makupa ikanyesha, ya kweli safari hii.
Mkokoteni ukaingia njiani bila kuuliza.
Nikakanyaga. Likanguruma,
likasimama pale pale nilipoliambia.

Mwenye mkokoteni akainama kwenye gurudumu la mbele,
midomo yake ikahangaika na zile eksi mbili,
ikashindwa.
Akavuka.